Eksirei inasema mapafu safi, mama bado anahema. Kipimo gani kinafuata?

Binti_wa_Mwisho

Wakuu habari zenu. Naombeni mwongozo, hasa kwa walio kwenye fani ya afya au waliowahi kuuguza mtu mwenye shida ya kifua.

Mama yangu ana miaka 61. Ni muda mrefu sasa anakohoa, zaidi alfajiri. Anatoa makohozi meupe mazito kidogo, kisha anatulia. Kinachonitia hofu zaidi ni pumzi. Zamani alikuwa anapanda ngazi huku anaongea na simu. Siku hizi akifika katikati anasimama, anashika ukuta, mabega yanapanda na kushuka, na ukimsemesha anakuonyesha kwa kiganja kwamba subiri kwanza. Usiku ukikaa karibu naye unasikia kifua kinalia filimbi nyembamba kila akitoa pumzi.

Hospitali tumeshaenda. Kapigwa eksirei, majibu: mapafu safi. Makohozi yamepimwa kifua kikuu kwa hadubini, hakuna kitu. Kapewa antibayotiki, akamaliza, akapewa za aina nyingine, hali ni ile ile. Mara ya mwisho tukaambiwa ni umri tu na wasiwasi. Mama kalipokea hilo, na sasa pumzi ikimkata anaficha: anasimama anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mimi sijalipokea.

Hajawahi kuvuta sigara. Amepikia kuni tangu usichana wake mpaka miaka ya karibuni. Anameza dawa za presha. Hana homa, hajakonda, hajatema damu.

Ninachouliza: eksirei ikiwa safi, inawezekana mapafu bado yana ugonjwa? Na kama inawezekana, nimwombe daktari kipimo gani? Nataka niende nikiwa najua ninachokiomba.

Kaka_Mkubwa77

Pole sana dada kwa kuuguza. Hiyo ni pumu, sina shaka. Mdogo wangu alikuwa vivyo hivyo, filimbi usiku na kikohozi kisichoisha, akapewa inhela ya bluu, kile kichupa cha kuvuta dawa kwa mdomo, akapona siku hiyo hiyo. Ila kama unataka uhakika usizunguke sana, nenda moja kwa moja kwenye picha ya CT. Ile inaona kila kitu.

Mpima_Pumzi

Pole mdogo wangu, na mama mpe pole zangu. Nafanya kazi kwenye chumba cha vipimo vya upumuaji, kwa hiyo watu wa namna ya mama yako ndio ninaokaa nao kutwa nzima. Ugonjwa wake sitautaja, maana huo atautaja daktari aliyemsikiliza kifua na kuona majibu yake. Lakini swali lako la kwanza nakujibu bila kusita: ndiyo, eksirei inaweza kutoka safi kabisa na mapafu yakawa yanaumwa.

Eksirei inaonyesha umbo. Nimonia inaonekana, kwa sababu sehemu ya pafu iliyojaa usaha na majimaji hutoka nyeupe. Maji yaliyojikusanya pembeni mwa pafu yanaonekana, moyo uliotanuka unaonekana, hewa iliyovuja nje ya pafu na kulisinyaza inaonekana, na mara nyingi mashimo ya kifua kikuu au uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa. Isichoweza kukuambia ni hewa inatoka kwa kasi gani. Ukipiga picha ya nyumba, hutajua kama mabomba yake yanapitisha maji. Sasa pumu ni ugonjwa wa mabomba, na ule ugonjwa sugu wa kubanwa kwa njia za hewa, unaoandikwa COPD kwenye vyeti, nao kwa sehemu kubwa ni wa mabomba. Mgonjwa wa pumu akipigwa eksirei, mara nyingi inatoka safi. Wa COPD pia, hasa ugonjwa ukiwa bado haujaenda mbali.

Kipimo cha kuomba kinaitwa spirometri. Kiombe kwa jina hilo hilo. Na uombe kifanyike kabla na baada ya dawa ya kutanua njia za hewa, kwa sababu hapo ndipo penye jibu.

Nikueleze kinavyokwenda ili mama asiingie na hofu. Anakaa kitini wima, miguu chini. Puani anawekewa kibanio. Anavuta hewa mpaka kifua kijae pomoni, anafunga midomo kwenye mrija bila kuacha mwanya, halafu anapuliza kwa nguvu zote kwa mara moja na kuendelea kusukuma mpaka isibaki hewa. Watu wengi wanadhani wamemaliza baada ya sekunde mbili. Hapo ndipo mimi nasimama kando nasema "bado, bado, bado, malizia", kwa sababu mtu ambaye njia zake zimebana anaweza kuchukua sekunde 10 na zaidi kutoa kilichobaki. Wazee wengine huona kizunguzungu, ndiyo maana hatuwapimi wakiwa wamesimama. Kama ana meno ya bandia yanayokaa vizuri, abaki nayo, midomo inashika mrija vizuri zaidi. Mara moja haitoshi. Tunataka angalau mipulizo mitatu mizuri, na miwili bora ikaribiane. Zikipishana sana tunarudia, na pumzi zikimchosha tunampa nafasi. Mpimaji anayekuambia "puliza hapa, haya basi, nenda" hajakupima.

Kisha anavuta dawa, kawaida salbutamol, tunasubiri dakika 15 hivi, tunapima tena.

Mashine inatoa namba nyingi, ila wewe angalia mbili. FVC ni hewa yote aliyoitoa. FEV1 ni ile iliyotoka kwenye sekunde ya kwanza. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Mtu mwenye njia zilizo wazi hutoa sehemu kubwa ya hewa yake ndani ya sekunde hiyo moja. Ikiwa baada ya dawa uwiano bado uko chini ya 0.70, njia zimebana na hazijafunguka, na hapo COPD ndiyo inayofikiriwa. Namba zikipanda sana baada ya dawa, mizani inaelemea pumu. Ikiwa uwiano ni mzuri lakini FVC yenyewe imeshuka, fikra zinahamia kwenye mapafu yaliyokakamaa, kwa mfano yenye makovu, na hapo ndipo CT inapoingia.

Kuhusu pumu kuna jambo lazima nilitaje. Spirometri ikitoka nzuri haimaanishi mtu hana pumu. Pumu inakuja na kuondoka. Mtu anakesha anahema, anakuja kwetu saa nne asubuhi anapuliza vizuri kuliko mimi. Huyo hupewa kifaa kidogo cha kupimia kasi ya kupuliza, apime nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili, aandike. Zikipanda na kushuka sana, ushahidi umepatikana.

@Kaka_Mkubwa77, nafurahi mdogo wako alipata nafuu, lakini inhela ya bluu inafungua njia kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani unaosababisha pumu hauutibu, na mtu anayetegemea hiyo peke yake yuko hatarini. Sasa CT. Ni picha nzuri mno. Kwa makovu ya mapafu, kwa vijia vya hewa vilivyotanuka na kujaa makohozi, kwa uvimbe mdogo ambao eksirei imeupita, haina mpinzani. Damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu inatafutwa kwa CT yenye dawa ya mshipani, na huko tunampeleka mtu aliyebanwa pumzi ghafla, hasa kama mguu mmoja umevimba. Lakini mionzi yake ni mara nyingi zaidi ya ile ya eksirei, na nayo ni picha. Kasi ya hewa haipimi.

Hili linaniuma kila siku. Spirometri ilielezwa na daktari Mwingereza John Hutchinson mwaka 1846, karibu miaka 50 kabla ya Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895. Ni kipimo kikongwe, hakina sindano, hakina mionzi. Na bado watu wanafika kwangu wakiwa wamebeba bahasha nne za eksirei na hakuna hata mmoja aliyewaambia wapulize.

Kabla hamjaenda, nijibu haya: dawa za presha ni zipi kwa majina? Miguu yake inavimba? Anaweza kulala chali bila kuongeza mito? Na kama amefanyiwa upasuaji wa macho karibuni au amepata shambulio la moyo, mpimaji aambiwe kwanza, kwa sababu kupuliza kwa nguvu hivyo kunaweza kumdhuru.

Nilimaliza_Dozi

Naongezea kwenye makohozi, maana hapo nilipita mwenyewe. Hadubini ikisema hakuna kifua kikuu, usifunge faili. Mimi hadubini iliniambia sina, nikaendelea kukonda na kulowa jasho usiku, shuka unakamua. Daktari mwingine akatuma makohozi kwenye GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea. Majibu yalitoka siku hiyo hiyo: ninacho, na dawa ya rifampisini inakifaa.

Nikaelezwa kuwa hadubini inahitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi ndipo ivione, wakati mashine ile inagundua hata mia na kitu. Shirika la Afya Duniani liliipitisha tangu 2010. Pia wengi wetu tunapeleka mate. Yanatakiwa makohozi kutoka chini kabisa: vuta pumzi ndefu, zuia kidogo, kohoa kwa nguvu kutoka tumboni. Ya asubuhi kabla hujala ndiyo bora. Nesi wangu aliyaangalia kwenye kikopo akanirudisha nje nikakohoe tena, na namshukuru mpaka leo.

Nilimeza dawa miezi sita, nikapona. Lakini pumzi haikurudi yote, na kila eksirei ilionyesha kovu, watu wakawa wananiambia TB imerudi. Spirometri ndiyo iliyonionyesha kwamba kifua kikuu kilipoondoka kiliacha njia za hewa zimebana. Dada, mama aliwahi kuumwa TB?

Binti_wa_Mwisho

Ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii.

@Nilimaliza_Dozi, hapana, hajawahi kuumwa TB na wala hakuna aliyeugua nyumbani. Ila nitaomba GeneXpert.

@Mpima_Pumzi, dada, dawa ni amlodipini peke yake. Jioni vifundo vya miguu vinavimba kidogo, yote miwili. Analala na mto mmoja. Macho na moyo havijaguswa. Miguu hiyo sasa imenipa hofu mpya, nimeanza kufikiria moyo.

Mpima_Pumzi

Niliuliza dawa kwa sababu zipo za presha zinazoleta kikohozi kikavu kisichoisha: enalapril, lisinopril, captopril na ndugu zake. Mtu anapimwa kifua miezi na miezi, kumbe ni kidonge. Amlodipini haimo kwenye kundi hilo. Ila inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, kwa hiyo uvimbe huo unaweza kuwa wa dawa. Msimwachishe wenyewe. Mtajie daktari, na moyo usikilizwe na upimwe vilevile, kwa sababu moyo uliochoka nao humfanya mtu ahema akipanda ngazi, na wakati mwingine kifua kikalia filimbi. Kulala na mto mmoja bila shida ni dalili njema, lakini haitoshi kufunga mjadala.

Huo moshi wa kuni uandike juu kabisa ya karatasi yako. Madaktari wengi wakisikia "havuti sigara" wanaiondoa COPD kichwani papo hapo. Moshi wa kuni, mkaa na samadi kwenye jiko lisilotoa hewa, miaka na miaka, unaharibu njia za hewa, na wanawake ambao hawajawahi kushika sigara nawapima kila wiki. Wachonga mawe na wachimba migodi nao waulizwe vumbi. Vumbi hilo huwa na madini ya silika, nayo yana ugonjwa wake, na huo eksirei inaweza kuuonyesha ikiwa anayeisoma ameambiwa kazi ya mgonjwa.

Siku ya kipimo asivae nguo ya kubana kifua wala tumbo. Kama kapewa inhela ya bluu, ulizeni kama aiache kwa muda wa saa nne hadi sita kabla ya kipimo, lakini akibanwa aitumie, kipimo kitapangwa siku nyingine. Na muwekewe kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, akiwa amekaa na baada ya kutembea. Asipake rangi kucha, na mkono usiwe wa baridi, vinadanganya. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho wakati mwingine husoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo asilimia 94 yake isipokelewe kirahisi kama anaonekana amebanwa.

Kaka_Mkubwa77

Nimesoma yote. Nimempigia mdogo wangu sasa hivi, kumbe kweli anatumia ya bluu peke yake, na anaivuta kila siku. Dada Mpima_Pumzi, hiyo ni mbaya?

Mpima_Pumzi

Ni mbaya. Anayeihitaji kila siku pumu yake haijadhibitiwa. Arudi kliniki apewe inhela yenye dawa ya kutuliza uvimbe, ile ya steroidi ya kuvuta, na asiogope jina: inayovutwa ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na vidonge. Asukutue mdomo baada ya kuvuta. Mwambie aende wiki hii.

Binti_wa_Mwisho

Narudi na majibu. Daktari tuliyempata safari hii alisikiliza mpaka mwisho. GeneXpert: hakuna TB. Moyo umepimwa kwa mawimbi ya sauti, unasukuma vizuri. Spirometri imefanyika, na dada, mpimaji alisema "bado, bado, bado" kama ulivyoandika. Mama alirudia mara nyingi, mwishowe akalia kidogo, akapumzika, akamaliza.

Karatasi inasema hivi. Kabla ya dawa: FVC lita 2.31, FEV1 lita 1.29. Baada ya dawa: FVC lita 2.40, FEV1 lita 1.36, uwiano 0.57, na FEV1 ni asilimia 62 ya inayotarajiwa. Oksijeni 95 akiwa amekaa, 92 baada ya kutembea. Tumeambiwa ni COPD, kaanzishiwa inhela, turudi baada ya mwezi. Mama aliposikia jina la ugonjwa wake alinishika mkono akasema, "Kwa hiyo sikuwa najitungia." Nisaidie kusoma hizo namba, na uniambie niulize nini tukirudi.

Mpima_Pumzi

Mwambie mama amepuliza vizuri sana. Namba zinazokaribiana hivi hazipatikani bila mtu kujituma.

Uwiano wa 0.57 baada ya dawa uko mbali na ule mpaka wa 0.70. Nasema mbali kwa sababu umri ukienda uwiano hushuka wenyewe kidogo, na mtu wa miaka 80 mwenye 0.69 huwa tunamtazama mara mbili. Wa mama haupo kwenye eneo hilo la ubishi. Dawa imeongeza FEV1 kwa mililita 70, kama asilimia tano, na hilo ni badiliko dogo. Kwa hiyo njia zimebana na zimebaki zimebana. Ukiweka pamoja na moshi, kikohozi cha alfajiri na umri wake, naona daktari ana msingi mzuri. Asilimia 62 inaangukia daraja la kati, linaloanzia 50 mpaka 79. Hapo kuna mengi ya kufanya.

Kilichoharibika hakirudi chote, nisikufiche. Lakini kasi ya kuharibika inapungua moshi ukiondoka, na pumzi ya kila siku inaweza kuwa nyepesi kuliko hii aliyonayo. Kama bado anapita jikoni kwenye moshi hata kwa nusu saa, hilo liishe.

Mkirudi, ombeni apimwe tena oksijeni kwenye kipimo cha kutembea dakika sita, maana kushuka hadi 92 ningependa kufuatiliwe. Ulizeni chanjo ya mafua na ya nimonia inayoletwa na bakteria wa nyumokoka, kwa sababu mafua ya kawaida ndiyo yanayowalaza wagonjwa hawa. Ulizeni mazoezi ya upumuaji chini ya mtaalamu, yanasaidia kuliko wengi wanavyoamini. Na kama makohozi yatakuwa na damu, uzito ukishuka au sauti ikikauka bila kurudi, ombeni CT bila kusubiri mwezi uishe, kwa sababu COPD na saratani ya mapafu huweza kukaa kwenye kifua kimoja.

Lililo kubwa zaidi ni inhela yenyewe. Avute mbele ya daktari au nesi, wamtazame. Kama ni ya kubonyeza: aitikise, atoe pumzi yote, aweke midomoni, aanze kuvuta taratibu na kubonyeza palepale mwanzoni, aendelee kuvuta mpaka kifua kijae, azuie pumzi kama sekunde 10. Wengi wanabonyeza kwanza kisha ndiyo wanavuta, dawa inaishia kwenye ulimi. Kama mkono na pumzi haviendi pamoja, ombeni ule mrija mpana wa kuunganisha inhela. Kama ni ya unga, mambo ni kinyume: haitikiswi, inavutwa kwa nguvu na haraka. Niandikie ni ya aina gani.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo ikiwa ya bluu, au akianza kuchanganyikiwa, ni hospitali saa hiyo hiyo. Makohozi yakiongezeka na kugeuka kijani huku pumzi ikizidi kubana, siku hiyo hiyo.

Binti_wa_Mwisho

Ni ya kubonyeza, na nimemwangalia jioni hii: anabonyeza kwanza. Kesho tunaufuata mrija.

Mpima_Pumzi

Vizuri. Akiupata, abonyeze mara moja kwa kila mvuto, asijaze dozi mbili kwa pamoja. Auoshe kwa maji ya sabuni mara moja kwa wiki, na aache ukauke wenyewe bila kuufuta kwa kitambaa, vinginevyo dawa itanata kwenye plastiki.